Mtu wa mieleka hazuiwi kwa kurudi kinyumenyume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba karate ni mateke ya hewani, kwamba mtu wa karate akishashikwa hana lake tena, na kwamba vijana wa Dodoma waiache waende kwenye judo na mieleka. Barua yake nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wangu, kwa sababu nusu ya aliyoyasema ni kweli, na kweli hiyo mimi niliijua kwa kuvunjika mfupa wa kijana wa watu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo. Mchana nashona sare za shule na magauni ya harusi. Jioni tatu kwa wiki, pamoja na Jumamosi asubuhi, nafundisha karate ya Goju-ryu kwenye ukumbi wa kupanga, upana mita sita, urefu mita nane, sakafu ya saruji. Wanafunzi wangu ni 31, na kati yao wasichana ni 12. Kimono zao nazishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, nikikiloweka mara mbili kabla ya kukata kisije kikarudi. Nasema haya ili ajue anayemjibu ni nani, na kwamba karate siipendi kwa kuitazama kwenye simu.

Nusu iliyo kweli ni hii. Kwenye mashindano yetu, wawili wakishikana bila kupiga wala kuangusha papo hapo, mwamuzi anasema "yame", wanaachana, wanaanza upya. Mtoto akikulia kwenye sheria hiyo miaka mitano, mwili wake unazoea kwamba kushikwa ni pumziko. Akishikwa anatulia, anamngoja mwamuzi. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wangu wazuri kabisa, wenye medali shingoni. Mwenzake wa judo akishika ndiyo kwanza kazi yake inaanza. Ukiwakutanisha hao wawili bila maandalizi, mmoja anapumzika wakati mwingine anaingia kazini.

Ngoja nieleze kilichotokea.

Mwaka juzi tulialikwa kwenye bonanza. Sitasema lilikuwa la nani wala lilifanyikia wapi, kwa sababu sitaki kumuumbua mtu. Tulialikwa kufanya maonyesho tu. Tulipofika, mwandaaji akasema watu wamechoka kutazama maonyesho, wanataka mpambano, karate na mieleka. Uwanja ulikuwa wa netiboli, saruji tupu, na juu yake mchanga uliopeperushwa na upepo wetu wa Julai. Nikakubali. Ningeweza kukataa, na kijana angerudi kwao mzima. Nilimtoa mmoja wa miaka 19, mkanda wa kahawia, mwepesi wa miguu kuliko wenzake wote.

Alisimama wima akirukaruka kama tunavyowafundisha kwa ajili ya pointi. Akapiga teke moja la juu, likakosa. Mwenzake akashuka, akaingia. Kijana wangu akarudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mgongo umenyooka, mikono kifuani. Anayekwenda mbele ana kasi kuliko anayekwenda kinyumenyume, hilo hata mtoto anayecheza rede analijua. Hatua ya nne hakuiweka chini. Alizolewa mapaja yote mawili, akanyanyuliwa, akaangukia bega la kushoto. Mfupa wa mtulinga niliusikia ukilia nikiwa nimesimama kama mita tano hivi. Watu walishangilia. Hawakujua.

Wiki sita mkono ulikaa shingoni, kwenye kitambaa nilichomkatia mwenyewe dukani kwangu. Mama yake hakunisema. Kila nilipokwenda kumjulia hali alinitengea kiti, akanipa chai, akaniuliza habari za biashara, na mimi niliinywa ile chai kama dawa.

Siku ya pili baada ya bonanza alikuja mwalimu wa yule kijana wa mieleka, mtu wa judo wa miaka mingi, anayefundisha ng'ambo ya reli. Alibeba mfuko wa machungwa kwa ajili ya mgonjwa. Tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu.

"Dada, kijana wangu hakukosea mchezo," akasema. "Nimekosea mimi. Mtu hanyanyuliwi juu ya saruji, hata angekuwa nani."

"Na mimi ndiye niliyemtoa," nikamwambia.

Tulikaa kimya kidogo. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mtu wa judo miaka kumi nyuma: "Kaka, niambie bila kunificha. Mtu wa namna gani anakupa shida kumwingia?"

Hakuwa na haraka ya kujibu. "Aliye mbali kabisa," akasema. "Au ambaye ameshanigusa kabla sijamgusa. Anayesimama pale katikati, huyo ni wangu."

Tangu hapo, Jumamosi mbili kwa mwezi anakuja ukumbini kwetu na vijana wake, na sisi Jumamosi moja tunakwenda kwake. Jumamosi ya kwanza nilichukua futi yangu ya kushonea na chaki ya fundi, nikasema leo hatupigani, leo tunapima.

Nilisimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, nikachora mstari sakafuni penye ncha ya kidole gumba. Nikapiga teke la mbele kwa mguu wa nyuma bila kusogea, mwanafunzi akashika futi: lilifika sentimita 95 kutoka kwenye mstari. Ngumi ya mkono wa mbele iliishia 60. Kisha kaka yangu wa judo akaanza kuniingia miguuni. Kila alipofanikiwa kunigusa goti kwa hatua moja ya kuzama, nilimwambia arudi nyuma kidogo, aingie tena, mpaka tukapata mahali pa mwisho anapoweza kunifikia. Sentimita 165, kutoka kidole gumba chake hadi changu. Nilipima mara mbili kama ninavyompima kiuno bibi harusi.

Toa 95 kwenye 165, zinabaki 70. Kwenye hizo 70 yeye ananifikia, mimi simfikii. Na humo humo ndimo nilimokuwa nimewazoesha wanafunzi wangu kurukaruka miaka yote, kwa sababu kwenye pointi ni mahali pazuri: unachomoka, unagusa, unarudi, mwamuzi anasimamisha. Yule kijana alivunjikia ndani ya hizo sentimita 70. Niliichora mistari yote miwili kwa chaki ya bluu, nikawaita mmoja mmoja wasimame katikati yake, na hakuna aliyehitaji maelezo mengine. Vipimo hivyo ni vyangu na vyake. Mrefu ana vyake, mfupi ana vyake. Kila wawili wanaojiandaa kupambana kwetu wanapimana kwanza, na mwenye teke fupi anajua mapema kwamba kazi yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo siku hizi tunakaa mahali pawili. Ama nje ya mstari wa mbali, ambako akitaka kuingia atahitaji hatua mbili, na hatua ya kwanza ndiyo inayomuumbua. Ama karibu, lakini mkono wako ukiwa umeshatangulia mwilini mwake. Katikati panapitwa haraka, hapakaliwi.

Msomaji mwenzangu atasema hiyo ni hesabu ya ukumbini tu. Basi atazame yaliyotokea kwa wakubwa. Tarehe 26 Juni 1976, jijini Tokyo, Muhammad Ali akiwa bingwa wa dunia wa masumbwi alikutana na mpiga mieleka wa Japani, Antonio Inoki, kwa raundi 15. Sheria zilimbana Inoki asitumie mengi ya mieleka yake, naye akaamua kulala chali na kumpiga mateke yale yale ya miguuni, raundi baada ya raundi. Ali, mwenye ngumi ambazo ulimwengu wote uliziogopa, alirusha chache sana. Ikatoka sare, na Ali akaishia kutibiwa miguu. Watu wengi waliliona pambano lile bovu. Mimi naliona la mafunzo makubwa, maana mtu aliyelala chini alimpokonya umbali wake bingwa aliyesimama.

Au Denver, Marekani, 12 Novemba 1993, kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, yale ya kukutanisha wapigaji na wakabaji, Royce Gracie wa Brazili alipowashinda watatu usiku mmoja kwa jujitsu, akiwemo bondia Art Jimmerson aliyeingia na glavu mkono mmoja tu. Tangu siku ile dunia nzima inasema ndiyo ushahidi kwamba kukaba kumeshinda kupiga. Lakini itazame miguu ya Gracie. Kabla ya kumfikia mtu alikuwa anatanguliza teke la chini, la kwenye goti na paja, ili mwenzake afikirie mguu wake mwenyewe, ndipo anaingia. Hata yeye, mtu wa kukaba, alikuwa na shida ile ile ya kuvuka, na aliivuka kwa teke.

Na kuna mfano ambao nawapa wanafunzi wangu kila mara. Francis Ngannou wa Kameruni, mwenye ngumi nzito ajabu, Januari 2018 alipambana na bingwa wa UFC, Stipe Miocic, raundi tano zote, akibwagwa tena na tena mpaka pumzi zikamwisha, akashindwa. Machi 2021 wakakutana tena. Raundi ya kwanza Miocic akazama miguuni kama zamani. Ngannou akatupa kiuno nyuma, akamlalia kwa uzito wake wote. Raundi ya pili akamwangusha kwa ngumi. Miaka mitatu ilipita kati ya mapambano hayo mawili, na hakuitumia kuacha ngumi zake akawa mtu wa mieleka. Aliitumia kujifunza mtu anavyoingia. Msomaji mwenzangu anawaambia vijana waache karate. Ngannou hakuacha kupiga.

Sasa nije kwenye kiuno, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo.

Nilikulia kwa babu yangu Mvumi, nyumba ya ng'ombe. Siku ya kupeleka ng'ombe joshoni tulisimama kwenye njia nyembamba na fimbo, na babu alikuwa akitufokea jambo moja: usitazame pembe, tazama shingo. Ng'ombe hapigi pembe kabla hajashusha kichwa. Akishakishusha, usirudi nyuma, maana nyuma ndiko anakokwenda yeye. Piga hatua ya pembeni, muwekee kiganja begani, apite. Nilifanya hivyo nikiwa na miaka tisa, na nilikaa karibu miaka thelathini ndani ya karate bila kuunganisha mambo hayo mawili.

Mtu hawezi kukuingia miguuni kabla hajashuka. Mikono itakudanganya na macho yatakudanganya, lakini kiuno lazima kishuke, na kikishuka ndiyo ameanza safari. Wanafunzi wangu nawaambia watazame fundo la mkanda. Likishuka ghafla hata kwa upana wa kiganja, ondoka kwenye mstari, nenda pembeni mwa mguu wake wa mbele, upande wa nje. Hatua moja tu ya mshazari. Ukitoka pembeni analazimika kusimama, ageuke, ashuke tena, na wewe huku umeshasimama mahali ambapo ngumi yako inamfikia na yake haijafika. Zoezi hili tunalifanya bila ngumi wala teke, dakika tatu tatu: mmoja kazi yake kugusa goti, mwingine kazi yake kutoguswa, na ukuta ukikugusa mgongoni umeshindwa. Wiki za kwanza walikuwa wanagusa ukuta kila baada ya sekunde kumi. Walichoka kuliko kwenye mazoezi yoyote niliyowahi kuwapa.

Mkono wa mbele nao tumeubadilisha. Zamani ulikaa umefungwa ngumi karibu na kidevu. Kwa mtu wa mieleka tunaufungua, kiganja kinatangulia kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kinagusa paji la uso au bega, kinaondoka, kinarudi. Mtu akiguswa kichwani anaposhuka, kichwa kinakwenda upande mmoja na miguu yake inachelewa. Akija kwa nguvu, kiganja kinakunjika kuwa kigasha cha mkono, kinakaa shingoni kwake penye mtulinga kama komeo la mlango. Hili si geni kwenye karate, jamani. Goju-ryu ina zoezi linaloitwa kakie, wawili wanasukumana mikono ikiwa imegusana muda wote. Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo wetu kule Okinawa, aliuita jina lenye maana ya ugumu na ulaini. Tulikuwa tunalifanya kakie dakika tano za mwisho kama kupoza mwili. Sasa tunaanza nalo.

Mateke hatukuyaacha. Teke la mbele linalosukuma, likitua kwenye mfupa wa nyonga mtu akiwa ndiyo anaanza kushuka, linamsimamisha palepale. Linalotuponza ni la juu. Ukipiga kichwani mbele ya mtu wa kukaba umebaki na mguu mmoja chini, na ule mwingine umempelekea mikononi. Nawaruhusu kulipiga akiwa amechoka au amegeuka, na sharti langu ni kwamba mguu urudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda.

Na akiingia hata hivyo? Ataingia. Yule kaka yangu ananiingia mpaka leo, miezi yote hii baadaye. Hapo ndipo tunapotupa miguu yote miwili nyuma kwa mpigo, kiuno kinashuka juu ya mabega yake na kumlemea kama gunia la mahindi, mkono mmoja unasukuma kichwa chini, mwingine unazama kwapani kwake. Kwapa. Mimi nashona kimono, na kimono ya karate ikichanika inachanikia kwapani, kwa sababu hapo ndipo mivuto yote inakutana. Ukilishika kwapa la mtu kabla hajalishika lako, mabega yake yanakwenda unakotaka. Na ukishamlemea, usikae kumfurahia. Inuka, zunguka, toka nje ya mstari wa mbali, uanze upya. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanafanikiwa kuzuia halafu wanabaki hapo hapo wakishikana, na mchezo wa kushikana si wetu.

Niongeze kwamba wa judo na wa mieleka si mtu mmoja. Sheria za mashindano ya judo zilianza kubana kushika miguu kwa mikono mwaka 2010, na 2013 zikapiga marufuku kabisa, kwa hiyo kijana aliyekulia kwenye judo ya siku hizi macho yake yako kwenye ukosi na mkono wa kimono yako. Wa mieleka anataka mapaja. Wa kwanza unamnyima kitambaa: hukai na mkono umenyooshwa akaudaka, unagusa na kuondoa. Wa pili unamnyima miguu. Kimono yao ni nzito, imefumwa kwa kustahimili kuvutwa, na yetu ni nyepesi. Nimeshona viraka 17 tangu tuanze Jumamosi zetu, na kwa sasa siku za pamoja nimewashonea jaketi za drili, mishono miwili kila mahali.

Wasichana wangu 12 wanalijua jambo hili kuliko wavulana. Hawakuja kwa ajili ya pointi. Wanarudi nyumbani jioni Nkuhungu na Chang'ombe, na wanachokiogopa si kupigwa teke, ni kushikwa, ni roba ya nyuma. Mmoja aliniambia zamani, kabla ya haya yote, "Mama, mbona hatufundishwi akishanishika?" Nikamjibu kwamba ukiwa na karate nzuri hutashikwa. Nilikosea kumjibu hivyo, na nimeshamwambia nilikosea. Sasa anajifunza kukaa mbali, anajifunza kubandua vidole na kutoa kiuno, na akishabanduka nimemwagiza akimbie, asirudi kupiga.

Kitu cha kwanza kabisa alichotufundisha kaka wa judo kilikuwa kuanguka. Kidevu kifuani, mkono mzima ukipiga sakafu pembeni, mwili ukiviringika kama pipa. Kijana wangu wa mtulinga alinyoosha mkono kuidaka ardhi, halafu akaukunja akaliachia bega. Hakuna aliyewahi kumfundisha vingine. Lakini kuanguka hakufundishwi juu ya saruji, na tatami za kununua, ile mikeka ya judo, hatukuziweza.

Basi nilizunguka kwa mafundi wenzangu wa Majengo nikiomba vipande vya vitambaa wanavyotupa. Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo, nipeni takataka zenu. Kila fundi ana kiroba cha vipande chini ya meza. Miezi minne nilikusanya, tukavikata vidogo vidogo, tukashona mifuko ya turubai mita moja kwa mbili, tukavijaza na kuvikanyaga, watoto wakaruka juu yake jioni nzima mpaka unene ukafika sentimita nane, ndipo nikafunga midomo yake kwa shazia na kamba ya nailoni. Nikashindilia mishono ya kupita katikati kila baada ya kiganja, vipande visije vikakimbilia upande mmoja. Ni mikeka 14. Kila mmoja unabebwa na vijana wawili. Jioni ya kwanza yule kijana wa mtulinga, mfupa ukiwa umeshaunga na daktari ameshamruhusu, aliomba aanguke yeye kwanza, na aliyembwaga alikuwa ni yule yule wa mieleka. Alimshusha taratibu, akiwa ameushika mkono wake mpaka mwisho. Nilitoka nje kidogo nikasimama barazani.

Ombi langu, Mhariri, linaanza kwako. Gazeti lako linatoa nafasi nzuri kwa michezo yetu midogo na tunashukuru, ila vichwa vya habari vya karate na mieleka nani zaidi vinawatia watu hamu ya kuona vijana wakivunjana kwenye saruji. Andikeni sakafu ilikuwaje. Andikeni kama walimu wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana: hakuna kunyanyua mtu juu ya kiuno, hakuna goti la kichwa, aliyegonga mkeka au mwili wa mwenzake anaachiwa papo hapo, na dakika ni ngapi. Mkikuta hawakukubaliana, andikeni hilo pia.

Kwa waandaaji wa mabonanza: msibadilishe ratiba kwa sababu watu wamechoka kutazama. Mwalimu akikataa kumtoa mwanafunzi, msimkejeli kwenye kipaza sauti. Na kwa walimu wenzangu wa karate hapa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa, namsihi kila mmoja amtafute mtu wa judo au mieleka aliye jirani naye, amkaribishe, apeleke na futi.

Maofisa michezo wa kata wakiona mikeka inawezekana kwa vipande vya vitambaa, wawaulize mafundi wa masoko yao. Hatuvitaki vile vipande, tunavichoma.

Mikeka yetu 14 iko ukumbini Majengo. Anayeandaa bonanza aje tumwazime bila malipo, alete gari la kubebea na vijana wa kupakia, na airudishe ikiwa imepanguswa vumbi, maana Jumatatu saa kumi na moja jioni tunaihitaji.

Fundi cherehani na mwalimu wa karate,
Majengo, Dodoma